Haridwar: Lango la Nani?

Kaskazini mwa India, pale mto Ganges unapoiaga milima ya Himalaya na kuingia nchi tambarare, upo mji wa Haridwar. Dwar maana yake ni lango. Lakini la nani? Wafuasi wa Vishnu husema ni la Hari, yaani Vishnu. Wa Shiva hutamka Hardwar, lango la Hara. Jina la kale, Gangadwar, laukumbuka mto wenyewe.

Husimuliwa kuwa wana 60,000 wa mfalme Sagara waliteketezwa kwa ghadhabu ya mtawa Kapila. Mzao wa ukoo huo, Bhagiratha, akauomba mto ushuke kutoka mbinguni, uyaoshe majivu yao. Ndiyo maana hata leo jamaa huyapeleka huko majivu ya marehemu wao. Jina hubishaniwa, msiba huwakutanisha wote mtoni.