Korosho ya Newala hufika melini kwa kupitia India

KOROSHO zinazopamba keki na aiskrimu ndani ya meli za kitalii huenda zilivunwa Masasi au Newala, lakini nyingi hazibanguliwi huko.

Msimu unapoanza Oktoba, wakulima hupeleka korosho ghafi katika vyama vya msingi. Baada ya mnada, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, sehemu kubwa husafirishwa India na Vietnam.

Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, hivyo kubangua kwahitaji mikono mingi, na ajira hiyo huenda ng'ambo. Viwanda vingi vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 vilifungwa muongo uliofuata.

Korosho nzima nyeupe huuzwa ghali. Vipande ndivyo huishia kwenye vitindamlo. Bibo, linaloharibika upesi, hubaki kijijini likawa uraka.