Je, Wajua? Bastola Zinazofanana Si Sawa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa bastola ni kinyume: asiyechagua kwa makini hafai kuimiliki. Msomaji wa Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori unayefikiria kuomba cheti cha silaha, soma kwanza haya.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki? Marekani haki hiyo imo katika Katiba tangu 1791. Kwetu ni ruhusa tu, hutolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na inaweza kufutwa.

Je, wajua kwamba ruhusa hiyo iliwahi kufutwa kwa wote? Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, vyeti vya raia vilibatilishwa na wenye silaha wakapewa siku 90 kuhakikiwa upya.

Je, wajua kwamba huendi dukani kwanza halafu ukatafuta karatasi? Cheti hutangulia. Nacho hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho.

Je, wajua kwamba "Ceska", jina linalosikika kila mara katika habari za polisi Kenya, ni la kiwanda na si la bastola moja? Kiwanda hicho kilianza 1936 mjini Uherský Brod, katika nchi ya Cheki ya leo, na kimetoa bastola za aina nyingi, zenye risasi tofauti. Muuzaji akikuambia "hii ni Ceska", muulize: ipi?

Je, wajua kwamba CZ 75 B na CZ 75 BD, bastola za kiwanda hicho, ukiziweka mezani ni pacha? Tofauti iko kwenye kitenzo kidogo cha pembeni. Cha B ni swichi ya usalama. Cha BD hushusha nyundo taratibu bila kufyatua, na swichi ya usalama haipo. Aliyezoea moja akashika nyingine gizani anaweza kusababisha maafa.

Je, wajua kwamba Jericho 941 ya Israeli ilitokana na muundo wa CZ 75? Ndiyo maana zinakaribiana sana mkononi. Hata hivyo usidhani vipuri vyake vinabadilishana.

Je, wajua kwamba Glock 17, iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, kwa kawaida haina swichi ya usalama ya kusukuma kwa kidole gumba? Vizuizi vyake vitatu viko ndani na kwenye triga yenyewe: ukivuta triga, vyote vinaachia. Kidole kikae nje ya triga hadi umelenga shabaha na uko tayari kufyatua.

Je, wajua kwamba magazini ya Glock 17 huingia kwenye Glock 19, lakini ya Glock 19 haitoshi kwenye Glock 17? Ya 19 ni fupi: hubeba risasi 15, ya 17 hubeba 17.

Je, wajua kwamba uzito hutofautiana sana? CZ 75 ya chuma hukaribia kilo moja ikiwa tupu. Glock 17, yenye fremu ya plastiki ngumu, haifiki robo tatu ya kilo. Nzito huchosha kiuno, lakini hutulia zaidi mkononi inapofyatuliwa. Nayo ya chuma, katika joto na jasho la Kisumu, hudai kufutwa na kutiwa mafuta mara kwa mara.

Je, wajua kwamba "milimita 9" haitoshi kutambulisha risasi? Kuna 9×19 ya Luger na kuna 9×18 ya Makarov, na haziingiliani. Soma maandishi kwenye mtutu, kisha soma kwenye pakiti.

Je, wajua kwamba kutoa magazini si kuondoa risasi zote? Moja inaweza kubaki kwenye chemba. Browning Hi-Power ya 1935 hukataa kufyatua magazini ikiwa nje. Glock na CZ 75 hufyatua. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama chemba kwa macho, pima kwa kidole.

Je, wajua kwamba Glock hulazimika kuvutwa triga kabla ya kufunguliwa isafishwe, lakini Beretta 92 na CZ 75 hazidai hivyo? Ulizia jambo hili kabla ya kuulizia bei.

Je, wajua kwamba ukikamatwa na bunduki ya aina ya AK-47, G3 au MP5 bila sababu halali, sheria ya Kenya inaruhusu kifungo cha maisha?

Je, wajua kwamba Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki haramu 5,250 huko Ngong? Kila moja ilikuwa imepita mikononi mwa mtu asiyestahili kuwa nayo.

Je, wajua kwamba ufuo wetu wa Ziwa Victoria unaijua vizuri gharama ya risasi? Waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na jumba la kaburi lake kisiwani Rusinga lina umbo la risasi. Oktoba mwaka huohuo, watu waliuawa kwa risasi mjini Kisumu siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Kwa hiyo, ukishapata ruhusa, usichague kwa sifa za rafiki. Zishike mbili au tatu, uone kama kidole kinafika kwenye triga bila kujinyoosha na kama nguvu zako zinatosha kuvuta slaidi. Zijaribu kwenye uwanja wa kulenga shabaha chini ya mkufunzi. Kisha nunua sefu kabla ya bastola, uifunge ukutani, na ufunguo usijulikane na mtoto yeyote nyumbani. Kama hayo unayaona mazito, usinunue.