Mkaguzi Asubiri Nje ya Lupango

Mwambie mtoto wa Ruashi, hapa Lubumbashi, achore gari: ataokota kipande cha kaa, na ukuta utakuwa umechafuka kabla hujamaliza kusema. Mwombe baba yake, atacheka: "Mi sijue kuchora." Baba huyo huyo anapima mbao kwa jicho na kuchanganya rangi za mlango wake mpaka zikubaliane. Mkono anao. Kinachomzuia ni hofu ya kuonekana hajui.

Hofu hiyo imechunguzwa. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Teresa Amabile, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu karatasi za rangi wazibandike na kupata picha. Baadhi yao waliambiwa mapema kwamba kazi zao zitapimwa. Kwa jumla, kazi za hao zilionyesha ubunifu mdogo kuliko za wenzao walioachwa huru. Anayechora huku akijihami asiaibike hukimbilia kile alichokwisha kuona kikisifiwa. Ni kama mkaguzi kaingia lupangoni, ndani ya ua wa nyumba, kabla kazi haijaanza.

Mji wetu uliwahi kumtoa mkaguzi huyo nje. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwapa vifaa, kila mmoja atafute njia yake. Bela aliweka brashi kando, akachora kwa ncha za vidole, alama moja baada ya nyingine. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa vistari vifupi vilivyosongamana. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, na nyuma yao akatandaza vitone na alama ndogondogo. Zitundike picha zao pamoja bila majina, na bado utajua ipi ni ya nani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Tusimtukuze mno Mfaransa huyo. Alikuwa bwana wa enzi ya ukoloni, mwenye fikra zake kuhusu sanaa ya Kiafrika inavyopaswa kuwa. Hata hivyo, uhuru mdogo alioutoa ulitosha kuzaa mitindo mitatu isiyofanana.

Baadaye akaja mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, picha za kutundikwa sebuleni. Katika miaka ya 1973 na 1974 alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekaa kumsikiliza kwa Kiswahili. Akamchorea historia ya nchi, picha zaidi ya 100, na kila moja akaieleza. Alipopata msikilizaji makini, alithubutu kazi kubwa kuliko ile ya kuuza picha moja moja.

Hapo nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura, ya mwaka 1977, inatusaidia. Imani ya mtu katika uwezo wake hutokana zaidi na kutenda na kufaulu kidogo kidogo. Kisha huja kuwaona wenzake wakiweza, na kutiwa moyo. Kwa hiyo anayengoja ajiamini kwanza ndipo achore ameanzia mwisho.

Anza na kitu kisichokutia hasara: boksi lililochanwa, kaa, rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango. Jipe robo tatu ya saa. Mwaka 2016 mtafiti Girija Kaimal na wenzake walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika. Kwa takriban robo tatu yao, homoni ya msongo ilipungua, na mazoea ya sanaa hayakuleta tofauti ya maana.

Ukimaliza, usimwonyeshe mtu siku hiyo. Iache mpaka wiki ijayo, kisha uitazame kwa swali moja: sehemu gani ningependa kuirudia? Hiyo ndiyo ya kuanzia picha ya pili. Wa kwanza kuonyeshwa awe mtu atakayeuliza "hapa kunatokea nini?", si atakayeuliza "utauza ngapi?". Ukitaka kuuza, mkaguzi atakuwa na kazi yake, na ana haki ya kuja. Mfungulie baada ya kuosha mikono.