Mgongo "Uliosagika"

Alikuja amekumbatia bahasha ya eksirei kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mama lishe, mtu wa makamo, kiuno kinamsumbua mwaka wa pili sasa. Hata kukaa hajakaa akaniambia, "Dokta, mgongo wangu umesagika. Nimekatazwa kuinama." Nikamwomba ainame taratibu, aishie anapoweza. Akabana pumzi, akashika ukingo wa meza, mkono ukakomea gotini. Baadaye, akinisimulia habari za ada ya mwanawe, aliinama mpaka chini akafunga kamba za viatu, na hadithi yake wala haikukatika.

Wapo watakaosema alikuwa anaigiza. Siyo. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Ila mara ya kwanza alikuwa anaulinda mgongo. Mara ya pili aliusahau.

Neno "kusagika" alilipata wapi? Kwetu sisi watabibu. Tunasoma kwenye picha kwamba diski zimechakaa, tunamtamkia mgonjwa, naye anarudi nyumbani akiona mifupa inasagana kama mawe ya kinu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 33 zilizowapima watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Hizo ni mvi tu, isipokuwa ziko ndani.

Anayeamini mgongo wake ni kigae huacha kubeba ndoo, huacha kupiga deki, hulala sakafuni, hununua mkanda. Misuli inakaza muda wote, mwili unalegea kwa kukosa kazi, na mishipa ya fahamu inakuwa kama mlinzi aliyevamiwa usiku mmoja: tangu siku hiyo, paka akiruka ukuta, anapiga firimbi. Huko Helsinki mwaka 1995, watafiti waliwagawa wafanyakazi 186 wa jiji wenye maumivu mapya ya mgongo: wengine walale siku mbili, wengine wapewe mazoezi, wengine waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyowaruhusu. Waliopona haraka zaidi ni hao wa mwisho.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza ni hili: wewe mwenyewe unadhani ni nini? Majibu yake huwezi kuyapata kwenye eksirei. Mmoja anasema figo. Mwingine amerogwa na jirani, na ukimcheka atakuitikia "sawa, dokta" halafu humwoni tena. Wanaume wengine wanaogopa kwamba nguvu za kiume ndizo zinazoondoka. Akina mama wengi wanataja sindano ya ganzi ya mgongoni waliyochomwa wakati wa kujifungua, ingawa tafiti zilizowalinganisha na wasiochomwa hazikuona kwamba ndiyo inayoacha maumivu ya miaka.

Imani hizi hubadilika. Kuanzia mwaka 1997 jimbo la Victoria, Australia, lilirusha matangazo ya televisheni yakiwahimiza watu wenye maumivu ya mgongo wasijilaze, waendelee na kazi. Mitazamo ya wananchi ilibadilika, ya madaktari pia, na madai ya fidia ya mgongo yakapungua. Katika jimbo jirani lisilo na matangazo hayo, imani zilibaki palepale.

Yule mama nilimwonyesha alivyofunga viatu. Akacheka, kisha akanyamaza. Tukaanza na ndoo tupu, tukaja nusu ndoo, nikimrudia kwamba kuuma si kuumia. Wiki ya sita alikuwa anaipua mwenyewe sufuria kubwa ya wali, akilalamika kwamba bado inauma, na akiipua.

Lakini msinielewe vibaya: si kila mgongo unatulizwa kwa maneno na ndoo. Homa za jioni na kukonda bila sababu vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu hakijaisha. Maumivu yaliyoanza baada ya ajali, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, yanataka vipimo mapema. Na ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo vimegoma au vinatoka vyenyewe, usinisubiri mimi wala mchuaji. Nenda hospitali siku hiyohiyo.