Deira: Jinsi ya kukiandaa kivinjari kufungua mfumo wa ofisi

Katika mitaa ya Naif na Al Sabkha, eneo la Deira mjini Dubai, zipo ofisi za kusafirisha mizigo zinazowahudumia wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Daftari la ofisi ya namna hiyo mara nyingi halikai tena mezani. Limo katika mfumo wa usimamizi unaofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, na humo ndimo hupangwa nani aone hesabu na nani abadilishe ankara.

Mfumo ukigoma kufunguka, mzigo hukwama na gharama za ghala hupanda. Ukifunguliwa ovyo, mwizi anaweza kubadilisha namba ya akaunti ya benki kwenye ankara, na fedha za mteja zikapotea.

Kivinjari kipi?

Mifumo mingi ya miaka ya 2000 iliandikwa kwa ajili ya Internet Explorer, au ilitegemea Java na Flash. Chrome iliacha kuikubali programu ya nyongeza ya Java mwaka 2015, Flash ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2020, na Juni 2022 kampuni ya Microsoft ilikistaafisha Internet Explorer.

Ofisi yenye mfumo wa zamani inaweza kutumia Edge, kivinjari chenye uwezo wa kuigiza Internet Explorer. Uwezo huo huruhusiwa katika mipangilio, kisha huongezwa anwani ya mfumo unaohusika. Hata hivyo, hautaifufua Flash.

Ruhusa kwa anwani moja

Mfumo wa kisasa kwa kawaida huhitaji JavaScript, vidakuzi vinavyokumbuka kwamba umekwisha kuingia, na ruhusa ya kufungua dirisha jipya la kuchapisha risiti. Ukibonyeza alama iliyo kando ya anwani, utaweza kutoa ruhusa hizo kwa tovuti hiyo peke yake. Kuzifungulia tovuti zote ni kumwachia mgeni funguo za nyumba nzima.

Tofauti ya saa moja

Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Msafiri anayesogeza mishale ya saa kwa mkono, bila kubadilisha eneo la saa, huipotosha simu yake. Namba za siri zinazotolewa na programu ya simu hukokotolewa kutokana na saa ya dunia na kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30, hivyo mfumo utazikataa. Dawa yake ni kuiacha simu ijipangie saa yenyewe.

Onyo la usalama

Kivinjari kinapoonya kwamba cheti cha tovuti si cha kuaminika, tazama anwani. Ikiwa ni ya ruta iliyomo ofisini, kama 192.168.1.1, onyo hilo ni la kawaida, kwa kuwa kifaa hicho hujitolea cheti chenyewe. Ikiwa ni anwani ya mtandaoni, usiandike neno la siri. Mpigie simu kwanza msimamizi wa mfumo.

VPN na sheria

Baadhi ya mifumo hufunguka kwa njia ya VPN ya kampuni tu. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilieleza kwamba makampuni na benki hazizuiwi kuitumia kufikia mitandao yao ya ndani. Lakini chini ya sheria ya mwaka 2021, anayeficha anwani yake ya intaneti ili atende uhalifu anakabiliwa na kifungo, au faini ya kati ya dirham 500,000 na milioni 2.

Kompyuta ya watu wengi

Katika duka la intaneti au hotelini, tumia dirisha la faragha, usihifadhi neno la siri, na ujiondoe kwenye mfumo kabla ya kuinuka. Dirisha hilo hufuta kumbukumbu za kivinjari, lakini haliwezi kuizuia programu iliyofichwa kurekodi kila herufi unayoandika. Kazi ya kubadilisha akaunti za benki na ruhusa za wafanyakazi haifai kufanyiwa hapo.