Mtengeneza Sinema Aliyeijua Thamani ya Senti

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inamfaa sana Roger Corman, Mmarekani aliyefariki dunia mwezi wa Mei, 2024, akiwa na umri wa miaka 98. Katika uhai wake aliongoza picha za sinema zaidi ya 50 na kusimamia utengenezaji wa nyingine mamia, karibu zote kwa gharama ndogo.

Corman alizaliwa mjini Detroit mwaka 1926. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la majini, kisha akahitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kazi ya uhandisi aliifanya siku nne tu, akaiacha, akawa tarishi katika kampuni kubwa ya sinema. Baadaye mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi ulimwezesha kwenda Oxford, Uingereza, kusoma fasihi.

Alipoanza kutengeneza picha zake mwaka 1954, aliingia na hesabu za kihandisi. Kwake hapakuwa na kitu cha kutupwa. Safari moja alikuta majengo ya maigizo yaliyobaki baada ya picha nyingine. Humo akapiga sehemu kubwa ya "The Little Shop of Horrors" kwa siku mbili tu. Picha hiyo ya vichekesho na vitisho inapendwa hata leo.

Hata hivyo, si faida peke yake aliyoitafuta. Mwaka 1961 yeye na nduguye Gene walitoa fedha zao wenyewe kutengeneza "The Intruder". Picha hiyo inamwonyesha mchochezi anayeingia katika mji wa kusini mwa Marekani na kuwachochea Wazungu wawapinge watoto weusi wanaoingia katika shule yao. Ilipigwa katika jimbo la Missouri, huku watengenezaji wakitishwa na baadhi ya wenyeji. Ilipotolewa mwaka 1962, baadhi ya wahakiki waliisifu, lakini watazamaji hawakuja. Corman alipata hasara, ila hakuacha kujivunia kazi hiyo. Tangu hapo aliona ni heri funzo lifichwe ndani ya burudani, kama dawa ndani ya asali.

Hazina yake kubwa zaidi ilikuwa watu. Kwa kuwa hakuweza kulipa mishahara mikubwa, aliwaajiri vijana wasiojulikana na kuwakabidhi kazi nzito. Francis Ford Coppola, Martin Scorsese, Ron Howard na James Cameron walipita mikononi mwake kabla ya kupata sifa duniani kama waongozaji wa sinema. Mwigizaji Jack Nicholson naye alianzia kwake.

Mwaka 2009 Corman alitunukiwa Oscar ya heshima. Baadhi ya waliomzidi utajiri na umaarufu walikuwa wanafunzi wake mwenyewe. Mwalimu hana fahari ipitayo hiyo.