Kusikia Maneno

Kwetu Kongo, mtu akiulizwa kama anajua lugha fulani, hujibu: «Naisikia.» Neno hilo lina kazi mbili: kusikia sauti kwa masikio, na kusikia maana kwa akili. Mara nyingi sisi waseminari tunapata ile ya kwanza, tukadhani tumekwisha kupata ya pili.

Kasuku husema «Hodi» vizuri kabisa, lakini hangoji kuitikiwa «Karibu». Sauti anayo, maana hana. Mtoto wa katekismu naye aweza kukariri jibu zima bila kosa; swali likigeuzwa kidogo, ananyamaza.

Tutwae neno «sadaka». Lilitoka katika Kiarabu, na huko ni kitu anachopewa maskini kwa ajili ya Mungu. Sisi wakristu twasema sadaka ya Misa, yaani Kristu anayejitoa kwa Baba kwa ajili yetu. Tena twaita sadaka zile feza zinazotiwa katika kitunga. Basi tukihubiri: «Toeni sadaka pamoja na padri», mmoja atainua moyo wake, wa pili atapapasa mfuko wake, wa tatu, aliye maskini, atainamisha kichwa kwa haya, akidhani hana cha kutoa. Huyo tumemfungia mlango sisi wenyewe.

Tutajuaje kwamba tumelisikia neno? Tujipime hivi:

1. Tuweze kulieleza kwa maneno mengine, hata kwa lugha ya mama zetu.

2. Tuweze kulitenga na majirani yake: sadaka si malipo, wala si kodi.

3. Tuweze kutoa mfano ulio wake, na kukataa ule usio wake.

Mtakatifu Agustini, karibu na mwaka 389, aliandika kitabu «De Magistro», akizungumza humo na mwanawe Adeodatus. Aonyesha kwamba maneno ni alama tu. Anayefundisha ndani ya roho ni Kristu. Lakini hilo halituondolei kazi yetu. Alama ikielekezwa pabaya, msafiri hupotea.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano II ulifungulia lugha za watu mlango wa liturujia. Zamani watu wasiposikia, tuliweza kusema: «Ni Kilatini.» Leo udhuru huo umekwisha. Basi neno tusilolisikia sisi wenyewe, tusiwapelekee watu. Kwanza tuliulize kwa wenye kujua, tulifikiri, tulisali, ndipo tulihubiri.